Kwa Mkono wa Nahodha

Tarehe 30 Desemba 2025 posta ya Denmark ilifikisha barua yake ya mwisho, kazi iliyokuwa ikifanyika tangu 1624. Masanduku mekundu yaling'olewa barabarani, na magazeti ya Ulaya yakaandika tanzia ndefu. Katika magazeti hayohayo, ukigeuza kurasa mbili tatu, unakuta habari za vijana wanaonunua kamera za mitumba za filamu, zile za kupiga picha 36 na kungoja wiki nzima kuziona. Kodak, kampuni iliyokimbilia mahakamani kwa kufilisika Januari 2012, bado inawatengenezea filamu. Wachambuzi wamezifunga habari hizi mbili katika fundo moja: barua na filamu ni sanaa za subira, simu imetuondolea subira, basi turudi nyuma tupone.

Nimesoma makala nyingi za namna hiyo, na kila nikimaliza moja najiuliza ni nani aliyewaambia kwamba barua ilikwenda polepole kwa hiari ya mtu. Mbajuni wa Chula aliyemwandikia dada yake Lamu hakuwa akifanya mazoezi ya subira. Alikuwa anangoja upepo.

Chula ni mojawapo ya visiwa vya Wabajuni vinavyoshuka kutoka Kismayo hadi karibu na Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Vingine ni Koyama, Ngumi na Chovai. Ng'ambo ya mpaka ndugu zao wako Kiunga, Kizingitini, Faza na Ndau. Upande wa Somalia posta ilikufa pamoja na serikali mwaka 1991, na sikuona tanzia yake popote. Ilifufuliwa mwishoni mwa 2013, mifuko ya barua ikipitia Dubai. Katika miaka ishirini na mbili ya katikati watu wa visiwa hivyo waliendelea kupelekeana habari, fedha, picha na salamu za msiba kama walivyokuwa wakifanya kabla posta yoyote haijafika kwao. Ndiyo maana nawatazama wao nikawaacha Wadenmark. Kwao linaonekana jambo ambalo wapenda mambo ya kale wanalipita: kalamu na filamu zilikuwa vifaa tu. Sanaa yenyewe ilikuwa kwa watu waliosimama katikati ya anayetuma na anayepokea, na hao ndio tuliowafuta kazi.

Chukua barua ya zamani ya pwani, ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ziko nyingi. Za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, India, na Mjerumani Carl Büttner alichapisha kitabu kizima cha nyaraka za aina hiyo mwaka 1892. Barua inaanza kwa "ila jenabi", kwa mheshimiwa fulani bin fulani, kisha sifa zinapangana: mpenzi, mkarimu, ndugu, Mola amweke. Zinafuata salamu. Halafu "ama baadu", nami mzima, na wa nyumbani wote wazima. Msomaji wa leo amekwisha choka na bado hajaambiwa neno. Neno lenyewe huja kwa mistari miwili: nitumie kamba, mtoto wa fulani amefariki, yule bwana hajalipa. Kisha salamu tena, nisalimie huyu, nisalimie yule, na chini kabisa sahihi: "katabahu", ameiandika fulani.

Hapo kwenye sahihi ndipo pa kutua kidogo. Aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe aliongeza "biyadihi". Aliyeandikiwa na mwingine, ikaelezwa kwamba imeandikwa kwa amri yake. Barua ilikuwa ikisema wazi kwamba maneno ni ya mmoja na mkono ni wa mwingine, wala hakuna aliyeona haya, maana wengi hawakujua kuandika na mwenye kuandikia watu alikuwa na heshima zake. Lamu ilikuwa na Muhamadi Kijumwa, aliyefariki 1945, mshairi na mchongaji, ambaye mwandiko wake mzuri uliwafanya Wazungu kama William Hichens wamwagize nakala za tenzi kutoka mbali. Visiwani kazi hiyo ilikuwa ya walimu wa chuo cha Kurani ambao majina yao hayakuingia vitabuni. Mtu anakuja baada ya alasiri, anakaa mkekani, anasema yaliyomjaa moyoni. Mwalimu anasikiliza mpaka mwisho, ndipo anachovya kalamu. Anachoandika ni kifupi kuliko kilichosemwa, na kina adabu zaidi. Tusi limekuwa lalamiko, kilio kimekuwa dua, na lile deni la miaka mitatu limetajwa mara moja tu, kwa namna ambayo mdaiwa ataweza kulipa bila kuvunjiwa uso. Leo nani anatufanyia kazi hiyo? Hasira zetu tunazituma mbichi, saa sita za usiku, kwa kundi la watu mia mbili.

Barua ikishakunjwa, nje liliandikwa jina la mpokeaji na jina la mbebaji: kwa mkono wa fulani. Anuani ilikuwa mtu. Kaskazi ikikaza, vyombo vinashuka kutoka Kismayo kwenda Lamu na Mombasa. Kusi ikianza, vinapanda. Kusi ikiwa kali, Juni na Julai, bahari ya huko haina mzaha, vyombo vidogo vinapandishwa pwani na barua inalala ndani ya kasha la nahodha mpaka bahari itulie. Nahodha alijua kilichomo, au alikisia, kwa kuwa alimwona uso yule aliyemkabidhi. Akifika Lamu hakuirusha mlangoni akaenda zake. Alikaribishwa, akapewa kahawa, akaulizwa: umemwachaje? Amekonda? Yule mtoto ameanza kutembea? Kama mwenye barua hajui kusoma, alitafutwa wa kumsomea, na huyo naye alikuwa na fani yake: kujua ni wapi ateremshe sauti, na ni mstari gani auruke mpaka watoto watoke nje.

Hesabu mwenyewe. Msemaji, mwandishi, mbebaji, msomaji, mpokeaji. Watu watatu wa katikati wameijua siri yako, na bado ni siri. Simu ina kufuli, ina nenosiri, na tunaambiwa maneno yetu yamefumbwa hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma. Lakini siri iliyoingia humo asubuhi, magharibi iko barazani.

Serikali nazo zilijaribu kushika nafasi ya nahodha. Kismayo ilikuwa makao ya jimbo la Jubaland chini ya Waingereza, na mwaka 1925 London ikawapa Waitaliano eneo la magharibi ya mto Juba, zawadi ya kupigana upande wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waitaliano wakachukua stempu zao za kawaida, wakazigonga juu maneno "Oltre Giuba", ng'ambo ya Juba, na kuzitumia mpaka eneo hilo lilipounganishwa na Somalia yao mwaka 1926. Nchi ya mwaka mmoja, yenye stempu zake! Wakusanyaji wanazitafuta hadi leo, na nashuku kwamba wanaijua Kismayo kuliko baadhi ya mawaziri wetu, ingawa kwa upande wa gundi tu. Ila stempu ilibadili jambo kubwa. Dhamana ya barua ilitoka kwa mtu unayemjua ikaenda kwa serikali usiyoijua, na serikali ilipoondoka iliondoka na dhamana yake.

Hata hivyo watu wa katikati hawakuisha. Oktoba 1972 serikali ya Siad Barre ilitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kilatini, na kampeni za kusoma zikafuata, mijini kwanza kisha mashambani. Nyumba moja ya Kibajuni mjini Kismayo ingeweza kuwa na babu anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, baba aliyesomeshwa kwa Kiitaliano, na mtoto anayeandika Kisomali darasani na Kiswahili cha kubahatisha kwa shangazi yake wa Mombasa. Barua moja iliweza kupita kwa watu watatu kabla haijatoka ukumbini.

Wanawake walikuwa na hesabu yao nyingine. Sayyida Salme wa Zanzibar, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kusoma, msichana aliruhusiwa. Kuandika kulitiliwa shaka: atamwandikia nani? Na mwaka 1859 kaka yake Barghash alipofanya njama ya kumpindua ndugu yao Majid, sultani wa Zanzibar, aliyekuwa karani wa barua za njama hiyo ni binti huyohuyo. Waliomhofia walikuwa na sababu, ila walikosea sababu yenyewe. Walitazamia mapenzi, yakaja mapinduzi.

Hofu ile ikahama ilivyo kwenye picha. Msichana akipigwa picha, picha itakwenda kwa nani? Hapo ndipo ninapouona undugu wa barua na filamu katika pwani yetu. Huko kwingine zinalinganishwa kwa harufu ya karatasi na raha ya kungoja. Kwetu ziliunganishwa na hofu moja, na dawa yake ilikuwa moja pia, yaani mtu wa kuaminika.

Filamu kwa maumbile yake haimkubali mtu mmoja. Ukishapiga, mkanda una picha zisizoonekana, na mwanga kidogo tu unaziua zote. Huna budi kwenda kwa mwenye chumba cha giza akusafishie, naye ndiye wa kwanza kuiona picha yako, kabla yako wewe. Anaizamisha katika dawa; chembe za fedha zilizoguswa na mwanga zinageuka nyeusi, zisizoguswa zinaondolewa, na kinachobaki ni negativu: uso mweusi, buibui jeupe, macho kama ya mzuka. Tena negativu ilibaki kwake. Hili tumelisahau kabisa. Ulilipia nakala zako tatu ukaondoka, lakini asili ya uso wako ilibaki katika bahasha ndogo ndani ya droo ya mtu mwingine, namba imeandikwa kwa penseli, mwaka baada ya mwaka. Ulimwamini kwamba hatatoa nakala ya nne akampa kijana wa mtaa wa pili.

Zanzibar mtu huyo alikuwa Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa alikuwa Parekh, aliyeanza 1942. Nafikiri haikuwa bahati tu kwamba wenye studio wengi wakubwa wa pwani walikuwa Wahindi. Mpiga picha asiye wa ukoo wako, asiyekaa baraza moja na kaka zako, ni rahisi kumwachia negativu. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, fundi aliyejifunza mwenyewe, hodari wa kukata na kubandika picha mpaka uso wa mtu ukatokea mahali ambapo hakuna kamera ingeweza kuuweka. Bakor alikuwa mtu wa mji uleule na msikiti uleule. Kutunza nyuso za majirani zako, ukiwa unakutana nao kila siku kichochoroni, ni mtihani zaidi.

Picha iliposafiri, ilisafiri ndani ya barua. Igeuze moja uitazame. Nyuma una muhuri wa studio kwa wino wa zambarau, umefifia upande mmoja kwa sababu aliyeugonga hakuukaza sawasawa. Chini yake kuna maandishi ya kalamu: hii ni picha yangu ya ukumbusho, ukiiona kama umeniona mimi. Tarehe. Jina. Mwandishi alikuwa ameikandamiza kalamu, maana ukiiinamisha picha dirishani unaona herufi zimejitokeza upande wa mbele, zimepita juu ya kanzu yake na mkono aliouweka juu ya meza ya studio. Barua ni nusu ya kuonana, husema Waswahili, na hapo bahasha ilikuwa imebeba na ile nusu ya pili. Picha ya mwanamume ilitundikwa ukumbini, wageni waione. Ya mwanamke ilikaa ndani, kashani, chini ya nguo za sikukuu, na mwenye ufunguo wa kasha alijulikana.

Si kila picha ya kule ilipigwa kwa masharti hayo. Ofisa wa Kiingereza J.A.G. Elliot alivizuru visiwa vya Wabajuni akaandika juu yake katika miaka ya 1920, na Mwitaliano Vinigi Grottanelli akatoa kitabu chake kuhusu wavuvi wa Kibajuni, Pescatori dell'Oceano Indiano, mwaka 1955. Ni kazi za maana, sina ugomvi nazo. Ila mjukuu wa Chovai anayetaka kujua babu yake alivyovua kasa kwa kutumia samaki aitwaye taza, huenda akalazimika kujifunza Kiitaliano kwanza. Maarifa yaliondoka na mwenye daftari.

Na ziko zilizoondoka kwa njia ya aibu. Tangu mwisho wa 1992 na kwa muda mwingi wa 1993 Kismayo ilikuwa chini ya askari wa miavuli wa Ubelgiji, katika ile operesheni iliyobarikiwa na Umoja wa Mataifa. Aprili 1997 gazeti la Ubelgiji likachapisha picha: askari wawili wamemshika mtoto wa Kisomali, mmoja huku na mmoja huku, wanambembeza juu ya moto. Walijitetea kwamba ulikuwa mchezo, na Juni mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikawaachia huru. Picha ile ilikuwa na umri wa miaka minne ilipojulikana. Ilipigwa katika zama za filamu, ikangojewa, ikasafishwa, ikachapwa, ikatunzwa. Ile subira yote inayosifiwa leo ilikuwamo. Wanaoniambia filamu humfundisha mtu kutazama kwa heshima nawaomba wanieleze ilimfundisha nini mwenye kamera siku ile Kismayo. Yule mtoto hakupelekewa nakala. Hakuwa na droo wala fundi wa kumwekea amana. Picha ilikuwa yake kwa uso tu.

Vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali vilipofika Kismayo, Wabajuni walikimbia kwa njia waliyoijua, baharini. Makasha mengi yalibaki, na yaliyopakiwa yaliloana. Picha ya karatasi haivumilii chumvi: utando wake wa juu unavimba, picha mbili zilizogusana zinagandana, na ukizibandua kwa nguvu kila moja inaondoka na nusu ya uso wa mwenzake. Waliofika Mombasa wengi waliwekwa kambi ya Jomvu, nje kidogo ya mji, mpaka ilipofungwa 1997 na baadhi yao wakarudishwa kwao. Wengine walikwenda Dadaab, wengine mbali zaidi.

Ni katika miaka hiyo barua ya kale ilipofufuka, na walioifufua sidhani kama walijua. Shirika la Msalaba Mwekundu lina fomu yake ya kutafutana, karatasi moja tu. Juu unaandika jina lako kamili, la baba yako, la mama yako, mahali ulipozaliwa, na ya mpokeaji vivyo hivyo. Chini kuna nafasi ya habari za familia na si zaidi: siasa hakuna, vita hakuna, nani anashika mji gani hakuna. Haitiwi katika bahasha iliyofungwa. Mfanyakazi anaisoma kabla haijaondoka, asiyejua kuandika anaandikiwa, na karatasi ileile ina mahali pa jibu. Upande wa Somalia watu wa Hilali Nyekundu wanaibeba wakiulizia msikitini na sokoni: mnamjua fulani bin fulani, mama yake fulani? Ndiyo barua ileile ya "kwa mkono wa", safari hii imevaa fulana ya shirika. Ina hata ule ufupi wa mwalimu wa chuo, maana katika nafasi ndogo kama hiyo, tena ukijua kwamba itasomwa na mtu mwingine, hutaandika upuuzi. Kwa waliokosa anuani kabisa, Idhaa ya Kisomali ya BBC ilisoma hewani majina ya wanaotafutwa, na watu walikaa kimya kuzunguka redio wakingoja ukoo wao utajwe. Wasomali walikuwa pia na redio za upepo wanazoziita taar, ambako mtu alizungumza na mkewe huku kila mwenye chombo akisikia. Watu walijifunza kusemezana mapenzi kwa kuulizana habari za mbuzi.

Waliofika Uingereza kuomba hifadhi walikutana na swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza: thibitisha kwamba wewe ni wa Chula, na si wa Kizingitini wala Mombasa. Cheti hana, na ofisi ambayo ingempa cheti imeungua. Basi wakaupima ulimi wake. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi elekezi uliohusu Wabajuni na uwezo wao wa kusema Kibajuni, lahaja yao ya Kiswahili, na kazi ya mwanaisimu Derek Nurse, aliyekusanya maneno ya Kibajuni kwa miaka mingi, ikawa inatafutwa na mawakili. Katika vyumba vile vya rufaa, bahasha moja ya mjomba yenye jina la kisiwa na tarehe, au picha moja yenye muhuri wa studio ya Kismayo, ingekuwa na la kusema. Lakini tazama kinaya chake. Barua hiyohiyo ingeweza kumponza. Barua za adabu ziliandikwa kwa Kiswahili cha Lamu au cha shuleni. Ule ulimi wa nyumbani, uliokuja kuwa ushahidi wa pekee, ndio mwalimu wa chuo aliousafisha kwanza.

Hapa mimi na wapenda barua tunaachana njia. Bibi wa Koyama asiyejua herufi leo anashika simu, anabonyeza, anamwambia mjukuu wake wa Birmingham analotaka, kwa Kibajuni chake, kwa kikohozi chake, kuku wakilia nyuma. Kaseti zilizopelekwa Uarabuni na Ulaya zamani zilitangulia kufanya kazi hiyo, lakini simu imeifanya bure na kila siku. Huyo bibi simrudishi mkekani kwa mwalimu ili tu sisi wenye vitabu tufurahie mwandiko. Sauti yake ni hazina kuliko "ila jenabi" elfu.

Ninachodai ni kingine. Ujumbe wake ukisambazwa, WhatsApp inakuambia kwamba umesambazwa. Haikuambii ulitoka kwa nani. Hakuna katabahu. Hakuna jina la mbebaji, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa wala wa kushukuriwa. Picha ya arusi ya Jumamosi, iliyopigwa ukumbi wa wanawake ambako mabuibui yamevuliwa, Jumapili iko katika simu za wanaume wa bandarini, na ukiuliza imetokaje kila mtu alitumiwa. Zamani ungeuliza swali moja tu: negativu iko kwa nani? Na tuache kudanganyana kwamba hizi za sasa ndizo zisizopotea. Januari 2014 Al-Shabaab walipiga marufuku intaneti ya simu katika maeneo yao, na mawasiliano ya familia nyingi yakakatika kwa tangazo moja. Simu ikianguka baharini, Mbajuni hupoteza picha nyingi kuliko zilizokuwa katika makasha yote ya kijiji chake.

Lipo jambo moja la haraka, nalo ni zile droo. Wenye studio za pwani wanakufa, watoto wao wanauza kabati. Negativu za zamani, kwa joto na unyevu wetu, huanza kunuka siki, zikajikunja, zikapasuka. Siku hizi wako wakusanyaji na watafiti wa vyuo vya nje wanaozunguka kuzinunua, na wengi wana nia njema: wanazihifadhi, wanazitia katika kompyuta, wanazifanyia maonyesho. Nasikia watu wakishangilia kwamba historia yetu imeokolewa. Mimi nashangilia nusu. Uso wa msichana aliyepigwa Lamu miaka ya 1960 akiwa kichwa wazi, kwa sababu alimwamini fundi mmoja, hauwi mali ya umma kwa kuwa fundi amefariki na mwanawe ameuza droo. Picha za wanaume, za mashua, za madrasa na za mabibi harusi waliokwisha kuridhia, zitolewe haraka, zipelekwe Fort Jesus, zipelekwe Lamu, na nakala ziende kwa Wabajuni wa Mombasa na Birmingham ambao hawana hata moja ya babu zao. Zile za ndani zitazamwe kwanza na wanawake wa mji, wanaozijua sura na koo. Wengi wa waliopigwa picha hizo wako hai, wana miaka sabini na themanini, na namba zao bado ziko juu ya bahasha kwa penseli. Waulizwe. Atakayetaka yake aitie kasha lake la ndani, aitie. Atakayetaka kuichoma apewe na kiberiti, hata kama mtunza makumbusho atalia.